Hofu, Utulivu na Joto la Mwili

Kengele ya kwanza imelia. Wanafunzi wa Darasa la Tano wamepanga mstari mbele ya darasa, kila mmoja ameshika kalamu na rula. Jua limekwisha kupanda juu ya miembe, wala hakuna upepo wa baridi. Msichana mmoja anamgusa mwenzake shingoni, na mwenzake anaruka.

"Loo! Mikono yako baridi kama maji ya mtungi! Unaumwa?"

"Siumwi," anajibu yule msichana, "lakini moyo unanidunda, na ndani nasikia joto."

Huenda jambo hili limekwisha kukupata wewe pia. Ni jambo la ajabu ukilifikiri. Hali ya hewa haikubadilika. Msichana hakunyeshewa na mvua wala hakutia mikono yake katika maji. Hakuna kitu kilichougusa mwili wake. Kilichomgusa ni wazo tu, nalo ni wazo la mtihani. Je, wazo laweza kupoza vidole vya mtu? Katika somo hili tutaona kwamba laweza, na tutaona jinsi linavyofanya hivyo.

Joto la mwili wenye afya

Mwili hutengeneza joto lake wenyewe. Chakula tunachokula, kama vile ugali, maharage na ndizi, hutumiwa polepole ndani ya chembechembe hai za mwili kwa msaada wa oksijeni, na katika kazi hiyo joto hutoka. Misuli, ini na ubongo hutoa joto jingi. Damu hulichukua joto hilo na kulisambaza mwili mzima, kama maji ya mfereji yanavyosambaa shambani.

Ukipima joto la mtu mwenye afya kwa kipimajoto kilichowekwa chini ya ulimi, utapata karibu nyuzi 37 za Sentigredi. Kipimo hiki kilijulikana sana kutokana na kazi ya daktari Mjerumani aitwaye Carl Wunderlich. Mwaka 1868 daktari huyo alitoa kitabu chenye matokeo ya kupima joto la maelfu ya wagonjwa. Siku hizi tunajua kwamba 37 si namba ya kushikiliwa kama sheria. Watu wengi wenye afya wako chini yake kidogo. Tena, kipimo cha mtu yule yule hubadilika katika siku moja. Alfajiri hushuka, alasiri hupanda, na tofauti yaweza kufikia nusu ya uzi mmoja au zaidi. Ukitoka kucheza mpira hupanda pia.

Joto hili husimamiwa na sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi. Ukubwa wake hauzidi korosho moja, lakini kazi yake ni kubwa. Hufanya kama mpishi mwangalifu anayetazama moto. Akiona chungu kinataka kufurika, huondoa kuni; akiona moto unazimika, huongeza. Mwili ukipata joto mno, haipothalamasi huamuru mishipa ya damu iliyo katika ngozi ipanuke. Damu yenye joto hufika karibu na ngozi, na joto hutoka nje. Jasho nalo hutoka, na linapokauka huupoza mwili. Mwili ukipata baridi, mishipa hiyo husinyaa ili joto libaki ndani. Baridi ikizidi, misuli hutetemeka na kutengeneza joto zaidi.

Kabla ya kuendelea, shika jambo moja ambalo wengi hulikosea. Joto la ndani ya mwili na joto la ngozi ni mambo mawili tofauti. Moyo, ini na ubongo hukaa karibu na nyuzi 37 wakati wote. Vidole havifuati sheria hiyo. Vyaweza kushuka hata chini ya nyuzi 25, kisha vikapanda mpaka kukaribia 35, na mtu akawa mzima kabisa. Kwa hiyo mikono ya baridi haina maana kwamba mwili mzima umepoa. Mara nyingi ina maana kwamba damu imeondoka mikononi na kwenda mahali pengine. Imekwenda wapi, na nani ameiamuru?

Nyoka njiani

Fikiri kwamba unakwenda kisimani asubuhi na mapema. Unatazama chini, na mbele ya mguu wako yupo swila ameinua kichwa. Je, utasimama na kusema, "Huyu ni nyoka, nyoka huuma, kwa hiyo yafaa nirudi nyuma"? La. Utajikuta umekwisha kuruka, ndoo iko huku, na wewe uko kule. Mwili umetenda kabla wewe hujamaliza kufikiri.

Haya ndiyo yaliyotokea ndani yako. Macho yalipeleka habari kwenye ubongo. Ubongo ulipeleka amri kwa njia ya neva, ambazo ni kama nyaya za simu za mwili. Baadhi ya neva hizo zilifika kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, kila figo na tezi yake kama kofia. Tezi hizo zilimwaga katika damu kemikali iitwayo adrenalini. Kwa muda wa sekunde chache tu mwili mzima ulibadilika. Moyo ulipiga kwa haraka na kwa nguvu. Pumzi ziliongezeka. Ini lilitoa sukari iliyokuwa imewekwa akiba, ili misuli ipate nguvu. Tumbo lilipunguza kazi ya kusaga chakula, na mate yakapungua, ndiyo maana kinywa cha mtu mwenye hofu hukauka.

Damu nayo iligawanywa upya. Mishipa midogo ya ngozi, hasa ya vidole vya mikono na miguu, ilisinyaa. Damu ikapelekwa zaidi kwenye misuli mikubwa ya mapaja, kwa sababu hiyo ndiyo itakayokukimbiza. Wataalamu huona faida nyingine pia: ngozi yenye damu kidogo ikijeruhiwa, damu inayopotea ni kidogo. Wakati huo huo viganja hutoa jasho, na jasho hilo likikauka huzidi kuvipoza vidole. Mtaalamu wa Marekani, Walter Cannon, aliyaeleza mabadiliko ya namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1915. Alionyesha kwamba mwili wenye hofu au hasira hujiandaa kwa moja ya mambo mawili, kupigana au kukimbia.

Sasa turudi kwa yule msichana. Mbele yake hapana nyoka, ipo karatasi ya mtihani wa hesabu, na karatasi haina meno. Lakini tezi zilizo juu ya figo hazijui kusoma. Hupokea amri moja tu kutoka kwenye ubongo: "Hatari!" Basi hufanya kazi ile ile zinayoifanya mbele ya swila. Damu imeondoka vidoleni mwake, misuli ya mapaja iko tayari kukimbia, naye anatakiwa aketi kwenye dawati na kugawa sehemu. Usishangae basi mikono ikipoa na mwandiko ukitetemeka.

Je, hofu yaweza kuleta homa?

Ngozi ikifunga mishipa yake, joto halitoki nje kwa urahisi. Wakati huo huo moyo na misuli vinafanya kazi zaidi na kutengeneza joto zaidi. Kwa hiyo joto la ndani hupanda kidogo. Wataalamu waliwapima wanafunzi kabla ya mtihani, kisha wakawapima tena siku za utulivu, wakaona kwamba kabla ya mtihani joto lilikuwa juu zaidi kwa sehemu za kumi chache za uzi mmoja. Watu wachache hupanda zaidi ya hapo, hata kufikia nyuzi 38 au kupita, kwa sababu ya fadhaa peke yake.

Joto la namna hii si sawa na homa iletwayo na vijidudu. Vijidudu vinapoingia mwilini, kinga ya mwili hupeleka taarifa kwenye ubongo kwa njia ya kemikali. Haipothalamasi hupandisha kile kipimo inachokilinda, na mwili mzima hulifuata agizo hilo. Dawa kama parasetamoli huzuia taarifa hiyo, na homa hushuka. Joto la hofu hupita njia nyingine, yaani njia ya neva na adrenalini, kwa hiyo kwa kawaida parasetamoli hailishushi. Linaloshusha joto hilo ni utulivu.

Hapa inatupasa kuwa waangalifu sana. Mtu hawezi kujua kwa kugusa paji la uso kama joto ni la hofu au la malaria. Tuseme mwalimu wa yule msichana hakutaka kubahatisha. Alimtuma mwanafunzi mwingine amsindikize zahanati iliyo jirani, nao wakaenda mbio ili wasichelewe.

"Shikamoo, mama," alisema msichana alipoingia.

"Marahaba, mwanangu. Una nini leo?" aliuliza muuguzi.

"Nasikia joto, na mikono inatetemeka."

Muuguzi alimpima, akapata nyuzi 37.7. Hakusema, "Ni hofu tu, rudi shuleni." Alimchoma kidogo kidoleni, akatia tone la damu katika kipimo cha haraka cha malaria, kisha akangoja zaidi ya robo saa kama inavyotakiwa. Kipimo kilionyesha kwamba hakuna malaria. Ndipo alipomwuliza, "Mmekuja mbio? Na leo mna shughuli gani shuleni?" Alipoyasikia majibu, alimpa maji ya kunywa, akamkalisha chini ya mwarobaini. Baada ya saa moja alimpima tena, akapata nyuzi 37.1, na mikono ilikuwa na joto kama ya watu wengine. "Nenda kafanye mtihani wako," alimwambia. "Lakini jioni ukisikia joto tena, mwambie mama akulete upesi. Msingoje kesho."

Angalia utaratibu alioufuata muuguzi huyu. Kwanza alitafuta ugonjwa, na hofu aliifikiria baadaye. Katika nchi yetu malaria bado huua watoto, na mgonjwa aliyeambiwa kwamba anaogopa tu aweza kupoteza siku moja ya matibabu ambayo angeihitaji sana. Angalia pia kwamba joto la msichana lilikuwa na sababu mbili zilizochanganyika. Aliogopa, tena alikimbia.

Hofu isiyokwisha

Hofu ya nyoka hudumu dakika chache. Ukifika nyumbani na kusimulia habari hiyo, ukacheka na wenzako, moyo umekwisha kutulia. Hofu ya namna hii haina madhara kwa mtu mwenye afya, tena huokoa maisha. Wasiwasi kidogo kabla ya mashindano ya mbio nao husaidia miguu.

Taabu huanza hofu inapokaa siku nyingi. Mtoto aliyeuguliwa na mzazi, anayelala na njaa, anayesikia ugomvi nyumbani kila usiku, au anayevamiwa na wakubwa njiani anapokwenda shule, hapati nafasi ya kutulia. Hali hii huitwa msongo wa mawazo. Tezi zilizo juu ya figo huendelea kufanya kazi na kutoa kemikali nyingine iitwayo kotisoli. Kotisoli kwa kiasi chake ni ya lazima mwilini. Ikizidi kwa muda mrefu, hupunguza nguvu ya kinga ya mwili. Usingizi hupungua, hamu ya chakula hubadilika, kichwa na tumbo huuma mara kwa mara. Maumivu hayo ni ya kweli, na mtoto asiambiwe kwamba anajifanya.

Je, tunajuaje kwamba msongo hudhoofisha kinga? Mwaka 1991 wataalamu walieleza jaribio lililofanywa Uingereza. Watu 394 wenye afya walikubali kutiwa puani matone yenye virusi vya mafua ya kawaida. Kabla ya hapo waliulizwa maswali juu ya shida na wasiwasi walionao. Wote walipata virusi, lakini si wote waliougua. Kadiri mtu alivyokuwa na msongo mwingi, ndivyo alivyoelekea zaidi kuugua mafua.

Jaribio jingine lilifanyika Marekani, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 1998. Wanafunzi 11 waliokuwa wakijifunza udaktari wa meno walikubali kukatwa kijeraha kidogo sana katika kaakaa, yaani juu kinywani. Walikatwa mara mbili: mara ya kwanza wakati wa likizo, na mara ya pili siku tatu kabla ya mtihani mkubwa. Kidonda cha pili kilikuwa na ukubwa sawa na cha kwanza, tena katika kinywa kile kile. Hata hivyo, wakati wa mtihani vidonda vilichukua wastani wa siku tatu zaidi kupona. Hakuna hata mwanafunzi mmoja aliyepona wakati wa mtihani kwa haraka aliyopona nayo wakati wa likizo. Huenda hao 11 wakaonekana wachache, lakini kila mmoja wao alilinganishwa na nafsi yake, na hapo ndipo ubora wa jaribio hili ulipo.

Mwili unapotulia

Ikiwa ubongo waweza kuamuru hatari, waweza pia kuamuru amani. Zipo neva za kazi hiyo. Moja kubwa, iitwayo vegasi, hutoka kwenye ubongo na kushuka mpaka kwenye moyo na tumbo. Ikifanya kazi, moyo hupunguza mwendo na tumbo huendelea kusaga chakula. Neva zilizokuwa zimekaza mishipa ya vidole nazo hulegea, na damu yenye joto hurudi mikononi. Ndiyo maana mtu aliyestarehe baada ya kazi, au anayeanza kushikwa na usingizi, huwa na mikono na miguu yenye joto. Joto lake la ndani wakati huo hushuka kidogo, kwa sababu linatoka kwa njia ya ngozi.

Moyo hatuwezi kuuamuru moja kwa moja. Ukiuambia "piga polepole," hausikii. Pumzi lakini twaweza kuziamuru, na moyo hufuata pumzi. Ukitoa pumzi polepole na kwa muda mrefu, neva ya vegasi hufanya kazi zaidi. Mambo mengine pia huleta utulivu: kulala usingizi wa kutosha, kutembea, kucheza, kuimba pamoja na wenzako, na kumweleza mtu unayemwamini jambo linalokusumbua. Kama jambo lenyewe ni mtu anayekuumiza, pumzi peke yake hazitoshi. Mwambie mzazi, mwalimu au mtu mzima mwingine; na wa kwanza asipokusikiliza, mwambie wa pili.

Uwezo wa mawazo juu ya joto la vidole ni mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwezi wa Februari 1981, daktari wa Marekani aitwaye Herbert Benson na wenzake walikwenda Dharamsala, mji wa milimani kaskazini mwa India. Huko waliwapima watawa watatu wa dini ya Budha kutoka Tibet, ambao kwa miaka mingi walikuwa wamejizoeza aina fulani ya kutafakari. Watawa walikaa kimya, na vipimajoto vikafungwa mwilini mwao. Joto la vidole vya mikono na miguu lilipanda, hata kufikia nyuzi 8.3 zaidi ya mwanzo. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 1982. Usidhani kwamba mwili mzima ulipanda kiasi hicho, kwa maana hapo watu wangekufa. Vilivyopanda namna hiyo ni vidole, kwa sababu ya damu iliyorudi.

Jaribio

Wewe si mtawa, lakini unaweza kuliona jambo hili mwenyewe. Fanyeni kazi wawili wawili. Tafuteni kipimajoto cha darasani chenye spiriti ya rangi, pamoja na saa yenye mkono wa sekunde. Msitumie kipimajoto cha zebaki, kwa sababu kikivunjika zebaki ni sumu.

Mmoja aketi kimya dakika tano, kisha ashike tunguu ya kipimajoto kati ya kidole gumba na kidole cha shahada kwa dakika tatu. Mwenzake asome kipimo na kukiandika, ahesabu pia mapigo ya moyo penye kifundo cha mkono kwa dakika moja. Halafu yule wa kwanza asimame mbele ya darasa na kuhesabu kwa sauti kutoka 300 kurudi nyuma, akitoa 7 kila mara, kwa muda wa dakika mbili. Akikosea, aanze upya. Asichekwe, ingawa najua mtacheka. Pimeni tena joto la vidole na mapigo. Mwishowe aketi, afumbe macho, avute pumzi polepole kwa kuhesabu mpaka nne, na kuzitoa kwa kuhesabu mpaka sita. Aendelee hivyo dakika tano, kisha pimeni mara ya tatu.

Darasa lisilo na kipimajoto litumie mashavu: mguse mwenzako shavuni kwa vidole vyako kila mara, naye aseme kama vimepoa au vimepata joto. Mahali kama Lushoto au Njombe fanyeni jaribio hili ndani ya chumba chenye joto, kwa sababu baridi ya nje nayo hupoza vidole. Mahali kama Tanga au Mtwara, mchana wa Februari, huenda msione tofauti kubwa. Huko jaribuni asubuhi na mapema.

Maswali

1. Kwa nini mikono ya mtu mwenye hofu hupoa, na huku joto lake la ndani linapanda?
2. Tezi zinazotoa adrenalini ziko wapi?
3. Muuguzi alipima malaria kabla ya kuuliza habari za mtihani. Angeanza kwa kuuliza, pengine angekosea nini?
4. Katika jaribio la wanafunzi wa udaktari wa meno, kwa nini kila mtu alikatwa mara mbili badala ya mara moja?
5. Andika katika daftari lako vipimo vitatu vya joto la vidole mlivyopata. Je, wanafunzi wote darasani walipata mabadiliko yanayofanana? Kama sivyo, unafikiri ni kwa sababu gani?